Kidonge Kilichotoka Kambini

Masika yaliyopita mwanangu wa miaka tisa alirudi kutoka shuleni akilalamika kichwa, na ilipofika saa mbili usiku mwili wake ulikuwa wa moto. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha mistari miwili. Dada wa duka la dawa la mtaani kwetu alinipa pakiti ya dawa mseto yenye nembo ya jani la kijani, akaandika kwa kalamu juu ya boksi kwamba mtoto wa kilo 28 ameze vidonge vitatu kila dozi kwa siku tatu. Akasisitiza kwamba dozi ya pili ifuate zikipita saa nane tangu ile ya kwanza, hata kama ni kumwamsha usingizini, na kwamba kila dozi iende na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, kwa kuwa bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hupita mwilini bila kufyonzwa. Nilikaa macho nikizingoja hizo saa nane zipite, na kwa kukosa la kufanya nikaifungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, nikaisoma: artemetha, lumefantrini.

Mchana wa siku hiyohiyo nilikuwa katika kikao kilichojadili sera ya taifa ya ubunifu. Baada ya chai ulizuka ubishi kuhusu utafiti wa kijeshi na utafiti wa kiraia. Upande mmoja ulishikilia kwamba fedha ya utafiti haitoshi hata kwa mihogo na mbu, kwa hiyo kuipeleka jeshini ni anasa. Upande wa pili ukataja, kama ilivyo desturi ya vikao vya namna hii, intaneti na mitambo ya kuonyesha mahali kwa satelaiti, ukahitimisha kwamba Marekani iliendelea kwa sababu iliwapa wanajeshi fedha. Sikusema neno. Lakini usiku ule, nikiwa na karatasi ya dawa mkononi, niligundua kwamba mfano mzuri kuliko yote iliyotajwa mezani ulikuwa kwenye sahani, kando ya kikombe cha maziwa. Vile vidonge vya rangi ya manjano vina asili ya kijeshi, na nusu moja ya dawa yenyewe imetengenezwa katika maabara ya jeshi.

Mwaka 1967 Vietnam ya Kaskazini ilikuwa vitani na Marekani, na askari wake waliopita misituni kuelekea kusini walikuwa wakiugua malaria kwa wingi, wakati klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa nguvu katika eneo lile. Viongozi wa Vietnam waliomba msaada China. Tarehe 23 Mei mwaka huo kikaitishwa kikao Beijing, na kutokana na tarehe hiyo mradi ukaitwa 523, jina lisilomwambia chochote mtu wa nje. Taasisi zipatazo 60 na watafiti zaidi ya 500 waliingizwa. Ikumbukwe kwamba huo ulikuwa wakati wa Mapinduzi ya Kiutamaduni, ambapo wasomi wengi walikuwa wamefukuzwa maabara na kupelekwa mashambani, na shughuli ya kitaaluma isiyokuwa na mlinzi ilikuwa hatarini kusimamishwa. Mwavuli wa jeshi ndio uliowawezesha hawa kuendelea kufanya kazi.

Hata hivyo, jibu lenyewe halikupatikana kambini. Mapema 1969 kazi ilipelekwa katika taasisi ya kiraia ya tiba za jadi za Kichina, na Tu Youyou, mfamasia asiyekuwa na shahada ya uzamivu wala cheo cha kijeshi, akapewa kuongoza kikundi. Walikusanya maelekezo ya tiba yapatayo 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga wazee, wakatengeneza mamia ya vimiminika kutokana na mimea. Mmea uitwao qinghao, ndugu wa pakanga yetu, ulionyesha dalili njema mara ya kwanza, kisha ukawaangusha waliporudia. Tu akarudi vitabuni, akakuta maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: chukua fumba moja la qinghao, loweka katika maji, kamua, unywe maji yake. Hapakutajwa kuchemsha. Akajiuliza kama moto ndio uliokuwa ukiiua dawa, akabadili njia na kutumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo. Tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli namba 191 iliondoa vimelea vyote katika panya waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wawili waliinywa wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa 21 huko Hainan.

Dawa hiyo ya qinghao ndiyo artemisinini, na artemetha imetokana nayo. Lumefantrini, mwenzake artemetha ndani ya kidonge, ilitengenezwa miaka ya 1970 katika Chuo cha Sayansi za Tiba za Kijeshi, Beijing, na watafiti wa chuo hichohicho ndio waliounganisha dawa hizo mbili. Kampuni ya Uswisi ambayo leo ni Novartis iliichukua katika miaka ya 1990, na hapo ndipo kidonge kikaanza safari ya kuja kwetu.

Safari hiyo ilikuwa ndefu kupita kiasi. Dawa ilipatikana 1971. Umbo lake la kikemikali lilichapishwa 1977 kwa jina la kundi, bila jina la mtafiti hata mmoja. Shirika la Afya Duniani lilifanya kikao chake kuhusu dawa hiyo Beijing mnamo Oktoba 1981, likapendekeza tiba mseto za artemisinini 2001, na Tanzania Bara ikaanza kuitumia kama dawa ya kwanza mwishoni mwa 2006. Sitasema kwamba miaka yote 35 ni kosa la usiri wa kijeshi. Bei, viwanda, viwango vya dawa na uzito wa mashirika ya kimataifa vyote vilichangia. Lakini muongo wa kwanza ulipotea kwa sababu waliokuwa na jibu hawakuruhusiwa kulitamka, na waliokuwa wakizika watoto hawakujua kwamba lipo.

Mtu atauliza kama huo si udhaifu wa China ya enzi zile tu. Ndiyo maana inafaa kuitazama dawa iliyotangulia, ile chungu tuliyokua nayo, iliyowafanya wengi wetu kujikuna usiku kucha. Klorokwini ilitengenezwa 1934 na Hans Andersag, mkemia wa Bayer huko Ujerumani, ikawekwa pembeni kwa kudhaniwa ina sumu mno. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, ambako zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilikuwa ikitoka, na ghafla majeshi ya Marekani na Uingereza yakawa yanapigana katika nchi za malaria bila dawa yake. Wamarekani wakafungua mradi uliopima kemikali zipatazo 14,000 hadi 1945, kwa fedha ya vita lakini kwa mikono ya vyuo vikuu, hospitali na kampuni za dawa. Mwaka 1943 huko Tunis wakapata vidonge vya sontokini, ndugu wa karibu wa klorokwini, ambavyo madaktari wa Kifaransa walikuwa wamevijaribu. Uchunguzi wa vidonge hivyo uliwarudisha kwenye kemikali iliyokuwa imetupwa na Bayer. (Upande wa giza upo pia: baadhi ya majaribio yalifanywa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, walioambukizwa malaria kwa makusudi.) Vita vilipokwisha, matokeo yalichapishwa mara moja, na katika miaka michache klorokwini ikawa dawa ya senti chache iliyofika hadi zahanati za vijijini.

Dawa zote mbili ziliagizwa na vita, na zote mbili zilipatikana kwa kazi ya raia iliyolipiwa au kulindwa na jeshi. Moja ilitoka nje upesi kwa kuwa waliofanya kazi walikuwa na mahali pa kiraia pa kurudi: vyuo, majarida, viwanda, serikali iliyokuwa tayari imeanza kufikiria amani. Ya pili ilikaa ndani kwa kuwa hapakuwa na taasisi ya kiraia yenye ubavu wa kuidai. Kwa hiyo lile swali la kikaoni, jeshi lipewe au lisipewe, naliona limeulizwa vibaya. La kuuliza ni nani amesimama mlangoni kulipokea jibu, na kabla ya hapo, nani alilitunga swali.

Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi, na kulielewa nilihitaji kurudi kwetu. Nilizaliwa Muheza. Ukipanda mlima kutoka mjini, kwa barabara ambayo wakati wa mvua humfanya dereva wa bodaboda akuombe ushuke utembee, unafika Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Kilikuwa kituo cha kiraia kabisa: bustani za majaribio, miti ya mpira, kahawa, na miti ya kwinini. Vita vya 1914 vilipofunga bahari, kituo kiligeuzwa karakana ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na gome la kwinini la Usambara likawa dawa ya wapiganaji wake. Walipokimbilia kusini na vidonge kuadimika, walilichemsha gome wakanywa maji yake machungu, ambayo askari waliyabatiza jina la pombe kwa heshima ya kamanda wao. Upande wa pili, wa Waingereza na washirika wao, hali ilikuwa mbaya zaidi. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari 1916 kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba wenye afya ya kupigana walikuwa 116, na wengi waliopungua hawakuangushwa na risasi.

Hesabu hizo tunazo kwa sababu askari walihesabiwa. Wapagazi, mamia ya maelfu ya watu waliobeba risasi na unga kwa pande zote mbili, wale ambao kambi yao ya Dar es Salaam ilituachia jina la Kariakoo, walihesabiwa vibaya na wakatibiwa vibaya zaidi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria. Mzee mmoja aliyewahi kukusanya mbu kwa ajili ya maabara ya Amani alinisimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi. Nikamuuliza kama walikuwa wakipewa kwinini. Alinitazama kama mtu anayesikia swali la mtoto. "Mwanangu, hiyo ilikuwa dawa ya wenye bunduki. Yeye alikuwa na mzigo."

Utafiti wa Amani haukuwa na kasoro ya kisayansi. Ulijibu sawasawa swali lililoulizwa, nalo lilikuwa namna ya kumweka mpiganaji juu ya miguu yake. Hakuna aliyeuliza namna ya kumweka mpagazi hai. Jeshi lolote, hata lenye nia njema, huuliza swali la namna hiyo: mtu mzima, mwenye afya, anayekwenda mahali kwa miezi kadhaa na anatakiwa asiugue. Malaria ya kwetu ni ya mtoto wa miezi kumi na mama mjamzito, wanaoishi palepale maisha yao yote. Marekani ilipofungua tena mradi wake wa dawa za malaria 1963, safari hii kupitia taasisi ya jeshi ya Walter Reed, ilipima zaidi ya kemikali 250,000, na zao lake maarufu, meflokwini, likaja kuwa kinga ya askari na watalii, pamoja na ndoto mbaya na misukosuko ya akili iliyowapata baadhi yao. Mwaka 1978 usugu wa klorokwini ulithibitishwa kwa mara ya kwanza Afrika, na waliouonyesha walikuwa wasafiri waliotoka Kenya na Tanzania. Sisi tulibaki na klorokwini hadi 2001.

Wamarekani wenyewe wamehangaika na jambo hili katika sheria zao. Vannevar Bush, aliyesimamia utafiti wa wakati wa vita, alimpa Rais ripoti Julai 1945 iliyojivunia kwamba vifo vya magonjwa katika jeshi vilishuka kutoka 14.1 kwa kila askari 1,000 katika vita vya kwanza hadi 0.6 katika vita vya pili. Kisha akapendekeza chombo kimoja chini ya raia kitakachogharimia sayansi yote ya msingi, pamoja na utafiti wa ulinzi wa muda mrefu. Wanasiasa walivutana miaka mitano juu ya nani atakidhibiti chombo hicho. Rais Truman aliukataa muswada mmoja 1947, na chombo kilipozaliwa 1950 kilikuwa kidogo. Wakati wakivutana, jeshi la majini lilikuwa limeshafungua ofisi yake ya utafiti 1946 na kuanza kulipia maabara za vyuo vikuu. Pengo la kiraia halikubaki wazi hata mwaka mmoja. Mwaka 1969, katikati ya hasira za Vietnam, Seneta Mike Mansfield alipitisha kifungu kilichokataza fedha ya ulinzi kulipia utafiti usiokuwa na uhusiano wa moja kwa moja na kazi ya jeshi. Kililegezwa mwaka uliofuata, lakini vyuo vilivyokuwa vimezoea kunywa kisima kimoja vilipata somo. Wenzetu wanaotuambia tuige Marekani wangetufaa zaidi kama wangetaja sura hii pia.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa jirani, na unaonyesha swali likibadilishwa njiani. Chanjo ya RTS,S ilianza miaka ya 1980 kama kazi ya pamoja ya taasisi ya Walter Reed na kampuni ambayo sasa ni GSK. Katika jaribio lililochapishwa 1997, watu saba waliojitolea walichanjwa, wakaumwa na mbu wenye vimelea, na sita hawakuugua. Ilikuwa habari kubwa. Kisha ikaonekana kwamba kinga hushuka upesi, na kwa askari hilo linatosha kuiweka dawa kabatini, maana kamanda hawezi kupeleka kikosi kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 shirika lisilo la kiserikali la PATH likaingia na kubeba sehemu ya gharama kwa sharti ambalo naliona ndilo kiini cha habari yote: chanjo iwe ya watoto wa Afrika. Kipimo cha mafanikio kikabadilika papo hapo. Kati ya 2009 na 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Korogwe, Bagamoyo na Kilifi, na Kombewa karibu na Kisumu, ambako jeshi la Marekani hufanya utafiti pamoja na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Kwa waliopata dozi nne wakianza wakiwa na miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne. Kwa askari, asilimia 36 ni kushindwa. Kwa wilaya ambayo mtoto huugua mara kadhaa kwa mwaka, ni vitanda vingapi vinaachwa wazi katika wodi? Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto huko Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Kilichowezesha mgeuko huo ni kwamba Korogwe na Bagamoyo palikuwa na watu tayari. Wauguzi waliozoea kupima uzito wa watoto na kufuatilia kaya kwa miaka, wataalamu wa takwimu, kamati za maadili zenye uwezo wa kukataa. NIMR, taasisi yetu ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliundwa kwa sheria ya 1979, na COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya 1986, na pamoja na ukata wao wa kudumu, vyombo vya namna hiyo ndivyo vinavyoifanya nchi kuwa kitu zaidi ya uwanja wa majaribio ya wengine.

Sisi pia tuna utafiti wa kijeshi, ingawa vikaoni hutajwa kwa sauti ya chini. Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi. Morogoro kuna Shirika la Mzinga, la zana za kijeshi. Sina tatizo na kuwepo kwao, na sioni ubaya wahandisi wao wakipewa fedha zaidi. Ninalolitaka ni kwamba fedha hiyo inapotolewa, mezani awepo raia mwenye haki ya kuandika swali la pili kando ya lile la jeshi, na tarehe ya kuchapisha matokeo yasiyohatarisha ulinzi iandikwe kabla ya senti ya kwanza kutoka. Mfano hauko mbali. Mwaka 2013 askari wetu walikwenda Kongo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, nchi yenye mzigo mkubwa wa malaria. Tangu hapo vimelea vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H, linalochelewesha kazi ya artemisinini, vimeonekana Rwanda, kisha kwetu Kagera. Jeshi lina sababu yake ya kutaka kujua kama dawa itaendelea kuwaponya askari, na lina madaktari na maabara. Mama wa Karagwe ana sababu ileile kwa mtoto wake. Sampuli zikichukuliwa na kusomwa kwa utaratibu mmoja, maswali yote mawili yatajibiwa kwa gharama ya moja. Zikifungiwa, tutakuwa tumeurudia mwaka 1971 wenyewe.

Katika kikao kilichofuata niliyasema haya, kwa kirefu kidogo kuliko mwenyekiti alivyopenda. Mwanangu alikuwa ameshapona, amerudi kucheza mpira na kuchelewa kufua soksi. Baada ya wiki mbili zikaja kumbukumbu za kikao, kurasa kumi na moja, na nikatafuta mchango wangu hadi nikaupata katika ukurasa wa nane. Ulikuwa umeandikwa hivi: "Uratibu wa taasisi uimarishwe." Nimepeleka barua ya kuomba sentensi hiyo ifutwe na mahali pake yawekwe maswali mawili, la jeshi na la mama wa Karagwe, kila moja na jina la atakayelijibu. Bado sijajibiwa.